Neno la siri nisilolijua

Neno langu la kwanza la siri kwenye Linux lilikuwa hili: ;q;q@)!(

Kwa siku mbili nzima sikulijua. Nililiandika kwa vidole vyangu mwenyewe, mara mbili kama mashini ilivyotaka, nayo ikalikubali bila ubishi. Ukilitazama unaweza kudhani ni matusi ya kwenye katuni, pale mchoraji anapoona haya kuyaandika. Nitafika huko. Kwanza niwaeleze mashini yenyewe.

Hapa Lubumbashi kompyuta ni mashini, iwe ya mezani au ya kubeba. Yangu ni ya kubeba kwa jina tu, maana ukiichomoa kwenye umeme betri haifiki dakika 20. Niliinunua mwaka 2019 karibu na soko la Kenya (mtaa wetu wa Kenya, ndugu zangu wa Mombasa, si nchi yenu). Ni okazyo, maana yake kuna mtu huko Ufaransa aliyeichoka. Kichakataji ni Core i3 cha kizazi cha 4, RAM gigabaiti 4, diski ni ile ya kizamani inayozunguka ndani na kunong'ona. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Shuleni wananiita Prof, mtaani wananiita Prof, na mke wangu huniita Prof akiwa amekasirika. Ndani ya mashini hiyo mna mitihani ya miaka sita, alama za wanafunzi, picha za harusi ya yaya wangu (kwetu yaya ni ndugu mkubwa), na tangu mwaka jana mna TFC ya binti yangu, ile kazi ya kumalizia masomo ambayo pale chuo kikuu, Kasapa, imewatoa wengi machozi.

Kila mtaa wa Katuba una kijana wake wa mashini. Wetu ni mpole, anajua kusalimia, na ana dawa moja kwa magonjwa yote. Mashini ikiwa nzito: fomati, yaani futa yote uanze upya. Ikikataa kuzima: fomati. Faili zikigeuka vitu vya ajabu baada ya flashi ya mtu kuingia: "Mukubwa, hapa ni kufomati tu." Unampa dola 10, anaondoka nayo Ijumaa, anairudisha Jumatatu ikiwa safi kama nyumba ambayo mwenyewe amehama. Siku ya kwanza unafurahi inavyokimbia. Siku ya pili unatafuta alama za darasa la nne, huzioni. Ukimuuliza anakukumbusha kwa heshima zote kwamba alikuuliza kama una nakala, nawe ukasema ndiyo bila kusikiliza.

Hiyo ilinitokea mara mbili. Mara ya pili nilikaa usiku kucha nikiyaandika upya matokeo ya wanafunzi 52 kutoka kwenye makaratasi niliyookoa kwa bahati, baada ya mke wangu kusita kuyawashia mbabula, jiko letu la mkaa. Windows aliyoniwekea kijana wa mashini ilikuwa ya kunakili. Kwenye pembe ya chini kulia kulikuwa na maandishi ya kijivu yakiniomba niihalalishe, nami kwa miaka sita niliyapita kama mtu anavyompita anayemdai.

Kilichonitoa kwenye usingizi huo si hasira. Ni binti yangu, aliyerudi siku moja kutoka chuoni na kusema, "Papa, Windows 10 wanaiacha." Kweli, waliotengeneza Windows walikuwa wametangaza kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 ndiyo mwisho wa masahihisho ya bure ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 nayo inataka kichakataji kipya zaidi, kwa Intel kuanzia kizazi cha 8, na kijichombo cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Yangu ya kizazi cha 4 haikuwa hata kwenye orodha ya wanaosubiri. Nilichobakiwa nacho ni kununua mashini nyingine, kuendelea na hii mpaka itakapoanguka, au kujaribu hicho ambacho vijana wa chuoni walikuwa wakikizungumzia: Linux, mfumo endeshi wa chanzo huria, yaani programu ya bure ya kuendesha mashini nzima badala ya Windows.

Mke wangu alisikiliza maelezo yetu mezani akiwa anakanda bukari, ugali wetu, kwa vidole. Halafu akauliza swali ambalo ningependa wanafunzi wangu wawe wanauliza. "Kitu cha bure kina nini ndani?"

Nilianza vibaya. Nilimweleza kwamba mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, aliwaandikia wenzake kwamba anatengeneza mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu na wala hautakuwa kitu kikubwa. Kwamba kabla yake, mwaka 1983, Mmarekani Richard Stallman alikuwa ameanzisha mradi wa GNU ili watu wapate programu wanazoweza kuzifungua, kuzisoma, kuzibadilisha na kuzigawa. Kwamba hata simu aliyokuwa ameiweka karibu na sahani, kwa kuwa ni ya Android, ndani yake moyo ni Linux. Akanitazama. "Nimeuliza kina nini, sijauliza baba yake nani."

Basi nikamletea shaba. Hapa sote tunakula kwa shaba, kwa kuichimba au kwa kuwauzia wanaoichimba. Lori likivuka mpaka wa Kasumbalesa na shaba, imekwenda. Aliyebaki nyuma kabaki na shimo. Programu haiko hivyo. Nikikunakilia yangu, yangu haipungui hata chembe. Ndiyo maana watu wanaweza kuigawa bure bila kufilisika, na wengi wanaoiandika wanalipwa mishahara na makampuni yanayoitumia kwenye kazi zao. Na kwa kuwa maandishi yake yapo wazi, mwenye macho anaweza kuona kilichomo. Macho hayo si yangu, nilikiri. Ila yapo.

"Sawa," akasema. "Lakini picha za harusi zikipotea, wewe ndiye utakayemwambia yaya."

Tulichagua Linux Mint, moja ya matoleo mengi ya Linux. Jamaa mmoja Mfaransa, Clément Lefèbvre, aliianzisha mwaka 2006, na imejengwa juu ya Ubuntu, ambayo nayo imejengwa juu ya Debian ya mwaka 1993. Kuhusu Ubuntu nina neno la pembeni. Iliyoitoa mwaka 2004 ni kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule aliyekwenda angani miaka miwili kabla, na jina lake ni lile neno la Kizulu na Kixhosa ambalo kwa Kiswahili ni utu na kwa Kiluba cha nyumbani kwetu ni bumuntu. Nilipomwambia mama mkwe kwamba mashini yetu itakuwa na bumuntu ndani, alicheka mpaka akashika mbavu. Tulichukua Mint 22 ya Xfce, ambayo ni nyepesi na inafaa mashini zenye RAM kidogo kama yetu. Itapata masahihisho hadi mwaka 2029. Miaka hiyo nilihesabu kwa vidole.

Faili lake ni karibu gigabaiti 3. Kwa mega za simu hiyo ni hela ya chakula, kwa hiyo binti yangu alilipata kwenye flashi kutoka kwa mwenzake chuoni. Hapo ndipo nilipojifunza kitu cha kwanza ambacho kijana wa mashini hakuwahi kunionyesha. Faili lililopita mikononi mwa watu watatu unaweza kulipima. Wenye Mint wanaandika kwenye tovuti yao mfuatano wa herufi na tarakimu 64, kama alama ya kidole ya faili halisi. Wewe unaiambia mashini yako ihesabu ya faili ulilonalo, kisha unalinganisha. Kwenye Windows amri ni certutil -hashfile, halafu jina la faili, halafu SHA256. Nikasoma kutoka kwenye skrini, binti yangu akafuatilia kwenye simu.

Hazikufanana hata mwanzo. Inaonekana kule chuoni upakuaji ulikatika njiani na faili likabaki na ukubwa unaokaribia tu. Akarudi siku ya pili na lingine. Safari hii tulisoma zote 64, moja moja, kwa sauti, kama watu wanaohesabu pesa za arusi mbele ya wazee. Zikafanana. Nadhani ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii.

Kuiandika kwenye flashi kwa programu ya Rufus hakukuchukua muda, na kuiamsha mashini kutoka kwenye flashi ni suala la kujua kitufe. Kwenye yangu ni Esc kisha F9, kwenye nyingi nyingine ni F12, na ni lazima uwahi kabla nembo haijaondoka. Kisha Mint inafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Unaweza kuzunguka, kufungua vitu, kusikia kama sauti inatoka. Sauti ilitoka. Kipanya kilitembea. Wi-Fi haikuwepo kabisa, si kwamba ilikataa, haikuwepo kwenye orodha. Nikasema hilo tutalishughulikia baadaye. Tukanakili kila kitu kwenye diski ya nje ya yaya, tukafungua picha kumi za harusi kuhakikisha zinafunguka, na nikaenda kumwita mke wangu azione kwa macho yake.

Ilikuwa jioni ya Novemba, mvua ya kwanza ya maana imetoka kunyesha. Mnajua kinachofuata. Inswa walitoka ardhini kwa maelfu, hao ambao kwingine huitwa kumbikumbi, na taa pekee iliyowaka vizuri ni ya sebuleni kwetu. Wadogo wakaleta beseni la maji. Mimi nafuta mbawa kwenye kibodi, binti yangu anasoma mwongozo wa Kiingereza aliouchapisha, inswa wanaanguka kwenye beseni, na skrini inaniuliza kama kweli nataka kufuta diski yote.

Kuna chaguo la kuweka Linux kando ya Windows, zikaishi pamoja. Wengi hushauri hilo kwa anayeanza, na nadhani wana haki. Sikulichukua. Nilijijua: siku ya kwanza kitu kitakaponisumbua ningerudi Windows na Linux ingelala kama kitabu cha zawadi. Nikabonyeza.

Mstari ukaanza kujaa. Ulipofika kama nusu, umeme ukakatika.

Mimi hufundisha laini ya Inga hadi Kolwezi. Kila mwaka nachora ubaoni umeme ukitoka kwenye maporomoko ya mto Kongo, ukisafiri kilomita 1,700 na ushei mpaka huku kwetu kwenye migodi, laini iliyoanza kazi mwaka 1982. Watoto huandika kwenye madaftari. Halafu narudi nyumbani nawasha mshumaa. Jioni ile niliutazama mstari ukijaa kwa nguvu ya betri, asilimia 60, 64, 70, binti yangu ameshika tochi ya simu ingawa haikuwa na kazi yoyote, hata yeye alilijua hilo. Kwenye 78 skrini ikazima.

"Sasa umeiua, Prof," mke wangu akasema gizani.

Tulikula inswa waliokaangwa kwa mkaa na chumvi. Walikuwa watamu, siwezi kudanganya.

Umeme ulirudi saa nane usiku. Wanaoishi hapa wanaujua usiku wa namna hiyo: mtaa mzima unaamka, pampu za maji zinalia, pasi zinapata moto, mtu fulani anafungulia redio aliyosahau kuizima. Niliwasha mashini. Ikaniambia kwa Kifaransa kwamba haioni diski yenye mfumo wowote. Wala Windows, wala Linux. Nikachomeka flashi, nikabonyeza Esc na F9, na Mint ikafunguka kutoka kwenye flashi kama vile hakuna kilichotokea. Hapo nikatulia. Flashi ya dola 5 ilikuwa mzima, na kila kitu kinaweza kuanzishwa tena kutoka hapo.

Basi nikaanza upya, peke yangu, na usingizi machoni. Tulikuwa tumechagua Kiingereza ili maneno ya kwenye skrini yafanane na ya kwenye karatasi, kwa hiyo nikachagua Kiingereza tena. Ukaja ukurasa wa kibodi. Nikabonyeza kuendelea. Jina la mtumiaji: prof. Neno la siri: mama2019, mwaka nilioinunua. (Najua, ni dhaifu. Msinifuate.) Nikaliandika mara mbili, ikakubali. Saa tisa na nusu ikamaliza, nikachomoa flashi, ikawaka yenyewe, ikaniomba neno la siri, nikaandika, ikanifungulia. Nililala kama mtu aliyemaliza kupanda shamba.

Asubuhi nikafungua ukurasa kuandika barua ya kuomba ruhusa shuleni. Nikabonyeza m, ikatoka nukta-mkato. Nikabonyeza a, ikatoka q. Hilo nililielewa haraka. Kibodi zetu ni za Kifaransa, herufi za juu zinaanza na A, Z, E, R, T, Y; za Waingereza na Wamarekani zinaanza na Q, W, E, R, T, Y. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaongeza kibodi ya Kifaransa, nikaondoa ile nyingine. Herufi zikarudi mahali pake. Nikajisifu kidogo.

Kisha nikarudi kwenye Wi-Fi. Kadi ya mashini yangu ni ya zile ambazo kampuni iliyoitengeneza haikutoa programu yake kwa leseni huria, kwa hiyo haiji moja kwa moja, unaiongeza baadaye kutoka kwenye intaneti. Intaneti utaipataje bila Wi-Fi? Kwa waya wa simu. Unaunganisha simu kwenye mashini kwa USB, unaiambia simu igawe mtandao, na Linux inaiona mara moja. Hilo halikunipa shida hata kidogo, na nashangaa watu wengi hawalijui. Mint ikanionyesha programu ya kadi yangu, nikachagua, ikaniomba neno la siri ili iiweke.

Nikaandika mama2019. Ikakataa.

Nikaandika polepole. Ikakataa. Nikafunga kila kitu, nikatoka mpaka kwenye skrini ya kuingilia, nikaandika mama2019, ikanifungulia mlango. Nikarudi kwenye programu ya kadi, mama2019, ikakataa. Neno lilelile, vidole vilevile. Mlangoni mimi ni mwenye nyumba, jikoni mimi ni mwizi.

Siku mbili. Mke wangu alisema labda ninaandika kwa hasira. Binti yangu alijaribu yeye, ikawa hivyohivyo. Nikafanya nilichoapa sitafanya, nikampigia kijana wa mashini. Alisikiliza mpaka mwisho. "Mukubwa," akasema, "ungefomati tu, uanze upya."

Na angekuwa amenisaidia. Dakika 40, kibodi ya Kifaransa tangu mwanzo, tatizo limekwisha. Lakini lingekuwa limekwisha bila kujulikana lilikuwa nini, kama yalivyokwisha yote kwa miaka sita. Nikamshukuru, nikakata simu.

Aliyeliona ni binti yangu. Alikuwa ananisubiri nitoke kwenye kiti na macho yake yakaenda kwenye pembe ya skrini ya kuingilia. Kulikuwa na herufi mbili ndogo: us. "Papa, ndani si ni fr?" Tukaingia. Ndani ilikuwa fr. Nilikuwa nimebadilisha kibodi ya chumba changu, ya mlangoni ikabaki ileile ya usiku wa saa nane.

Tukairudisha ya Marekani kwa muda, tukafungua ukurasa mweupe, nikaandika neno langu la siri kwa vidole vyangu vya kila siku. Likatokea polepole mbele yetu: nukta-mkato, q, nukta-mkato, q. Halafu tarakimu. Kwenye kibodi ya Kifaransa tarakimu hutoka ukishikilia Shift; kwenye ya Kimarekani, ukishikilia Shift kwenye vitufe vilevile, 2 inakuwa @, 0 inakuwa mabano ya kufunga, 1 inakuwa alama ya mshangao, 9 inakuwa mabano ya kufungua. Wala sikuwa nimegundua mapema kwa sababu jina nililojipa, prof, halina hata herufi moja inayohama kati ya kibodi hizo mbili. Ningejiita papa, ningeona pqpq na kuamka.

;q;q@)!(

Binti yangu alilinakili kwenye kipande cha karatasi, akakirudisha kibodi kwenye Kifaransa, na mimi nikaliandika nikitafuta kila alama kama mfamasia anayesoma mwandiko wa daktari. Mashini ikakubali. Kadi ya Wi-Fi ikawekwa. Kisha tukafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, tukaandika passwd, tukabadilisha neno la siri. Hapo napo nilishtuka, maana ukiandika neno la siri kwenye terminali hakuna kitu kinachotokea, hata nyota, unadhani kibodi imekufa. Haijafa. Inakuficha tu. Kibodi ya mlangoni tuliisahihisha baada ya hapo.

Wiki iliyofuata alikuja kijana mmoja wa jirani, analia kwa ndani kama wanavyolia wanaume. TFC yake ilikuwa kwenye flashi, siku mbili kabla ya kuikabidhi, na flashi ilikuwa imepita kwenye duka la kuchapisha. Mnaujua ugonjwa huo. Unafungua flashi, folda zako zote zimegeuka njia za mkato, unabonyeza moja, na badala ya faili lako unakuwa umeiendesha virusi yenyewe. Alikuwa ametoka kwa mtu aliyemshauri afomati flashi.

Nikaichomeka kwenye Mint. Vijifaili vya njia za mkato vikaonekana pale, vinne, na vilikuwa vimekaa tu, kwa kuwa vilitengenezwa kwa ajili ya Windows na hapa havina wa kumwamrisha. Kando yake kulikuwa na folda ambayo haina jina. Siyo jina la ajabu, haina kabisa, picha ya folda na chini yake peupe. Kwenye Windows virusi ilikuwa imeiwekea alama ya kufichwa. Linux haiijali alama hiyo. Nikaifungua. Sura ya kwanza, ya pili, ya tatu, marejeo, picha za uwanja wa utafiti wake, vyote.

Kijana hakusema kitu. Aliweka mkono kwenye meza karibu na mashini, kama mtu anayegusa ng'ombe aliyenusurika. Nikamnakilia kazi yake, ndipo nikamwambia: sasa flashi tunaweza kuifomati.

Nisije nikawafanya mdhani kwamba kila kitu ni arusi. Faili la alama ambalo shule hututumia ni la Excel lenye vibonyezo vinavyohesabu vyenyewe, na LibreOffice, programu huria inayofanya kazi za Word na Excel, inalifungua ila vibonyezo vingine vinakaa kimya. Kwa hiyo mwisho wa muhula naenda kulijaza kwenye mashini ya shule. Majedwali ya mitihani yakitoka kwa mwenzangu mwenye Word, mistari huhama kidogo na mimi hutumia dakika tano kuirudisha. Wadogo wamelalamika kuhusu mchezo mmoja wa magari, nimewaambia waende kucheza mpira. Na mashini haikuwa ya ajabu kwa mwendo. Diski ile ya kuzunguka bado ni ileile, inawaka kwa dakika moja na nusu badala ya nne. Anayekuahidi zaidi ya hapo kwenye diski ya namna hiyo anakuuzia kitu.

Kiswahili kimenitia hamu. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa toleo la OpenOffice, mzazi wa LibreOffice, kwa Kiswahili, wakaliita Jambo OpenOffice, nami nilikuja kulisikia miaka 20 na zaidi baadaye, hapa, ambako Kiswahili chetu wenzetu wa pwani hukisikiliza wakitabasamu. Sasa nimeiweka mashini yetu kwa Kifaransa kwa ajili ya TFC. TFC ikishakabidhiwa nataka kujaribu Kiswahili kwa mwezi mmoja, nione ni maneno gani yanafika Katuba na ni yapi yanakwama njiani.

Kijana wa mashini alipita Jumapili. Alikaa, akanywa maji, akazunguka kwenye Mint kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Akaniuliza flashi ile bado ninayo. Nikampa, na karatasi ya zile 64 ndani yake, akaikunja akaitia mfukoni bila kuisoma.

Kilichobaki ni skana. Mashine yetu ya kuchapisha inachapa vizuri tangu siku ya kwanza, lakini upande wa skana Mint inauona na kuusalimia, kisha ukurasa unatoka mweusi mtupu. Nimesoma kwamba huenda ni ruhusa ya mtumiaji, au programu ya ziada inayokosekana. Jumamosi, umeme ukiwepo, tutakaa nayo mimi na binti yangu.